Ndege ya pangaboi kwenye Kerbal Space Program: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Ndege ikigoma kuruka, ongeza mota.

Kwenye mchezo huu wa kompyuta wa kuunda na kurusha vyombo, huu ndio ushauri unaotolewa kwanza, na mara nyingi ndio unaoiua ndege. Mota ya pili inakuja na betri zake, betri zinadai bawa kubwa, bawa linadai magurudumu imara, na ukija kushtuka kile kindege chepesi kimeshakuwa lori. Anza kwa kupunguza. Toa ngazi, toa taa, toa betri moja, kisha jaribu tena.

Dhana: Mpira wa njano na wa buluu vikae mahali pamoja.

Kwenye banda la kuundia, mpira wa njano unaonyesha kitovu cha uzito na wa buluu kitovu cha nguvu ya kunyanyua. Wa buluu uwe nyuma kidogo ya wa njano. Hapo pua ikirushwa juu na upepo, mabawa yenyewe yanairudisha. Ukiutanguliza mbele, pua ikishainuka haishikiki tena, ndege inapinduka. Ukiurudisha nyuma mno, utaimaliza njia yote ya kurukia pua ikiwa bado chini.

Kuna mtego hapa. Chumba cha rubani kina nguvu ya kujigeuza isiyotegemea hewa, kwa hiyo hata ndege mbovu huonekana nyoofu. Zima nguvu hiyo kwanza, ndipo uijue ndege yako.

Dhana: Mapanga ya pangaboi yakiwa na pembe kubwa, ndege inakimbia zaidi.

Mota za umeme na mapanga vililetwa na Breaking Ground, nyongeza ya mchezo ya mwaka 2019, na wengi hukwamia hapa: mapanga yanazunguka mara 460 kwa dakika, ambao ndio mwisho wa mota, lakini ndege haisogei.

Panga ni bawa linalozunguka. Ndege ikiwa imesimama, hewa inalikuta panga kutokana na mzunguko peke yake, hivyo nyuzi chache zinatosha. Ukiliwekea nyuzi 45 linakoroga hewa tu bila kuvuta. Ndege ikishashika kasi, hewa inakuja pia kutoka mbele, na ile pembe ndogo iliyokunyanyua inageuka breki. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hufunga pembe ya mapanga kwenye kitufe: wanaanza chini, wanaongeza taratibu huku macho yao yakiwa kwenye kipimo cha mwendo, na mwendo ukianza kushuka wanarudi nyuma kidogo.

Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na Maasai Mara zina kifaa kinachobadilisha pembe hiyo chenyewe ili mzunguko ubaki uleule. Cessna 172 nyingi za kujifunzia urubani hazina. Pembe yake ni moja tu, iliyochaguliwa ili isiwe mbaya sana wakati wa kupaa wala wakati wa safari.

Dhana: Ikilalia upande mmoja, mabawa yamekosewa.

Huenda hayana kosa. Mota ikizungusha mapanga kulia, mwili wa ndege unasukumwa kushoto. Weka mota mbili zinazozunguka kinyume, na ugeuze pia mapanga ya mota moja, la sivyo moja itavuta mbele na nyingine nyuma.

Dhana: Bila oksijeni, pangaboi haifanyi kazi.

Inayohitaji oksijeni ni injini ya mafuta. Mota ya umeme inataka umeme na hewa ya aina yoyote ya kusukuma. Mwaka 2021 helikopta ya NASA, Ingenuity, yenye uzito wa kilo 1.8, iliruka Mirihi, ambako hewa karibu yote ni kaboni dioksidi na uzito wake ni kama asilimia moja tu ya hewa yetu. Mapanga yake yalizunguka takriban mara 2,400 kwa dakika. Kwenye mchezo, sayari ya Duna ndiyo Mirihi yake: mvutano mdogo, hewa nyembamba. Kindege kilichopaa vizuri Kerbin, sayari ya nyumbani, kitahitaji mabawa mapana zaidi huko, pamoja na njia ndefu ya kutua, maana kitagusa ardhi kikiwa na kasi kubwa.