Mtoto asipolia: kinachofanyika leba katika dakika ya kwanza

Na mkufunzi wa uuguzi na ukunga, Mwanza

Mama akimpeleka mtoto kliniki kwa sababu amechelewa kukaa au shingo haijakaza, awe Nansio au Buzuruga, kuna swali ambalo hatalikwepa: "Alipozaliwa alilia?" Wengine hujibu papo hapo. Wengine husita kidogo, kisha husema hakulia, alizaliwa amechoka, manesi wakamhangaikia kwanza. Huko kuhangaikia ndiko ninakotaka kukueleza, kwa sababu familia nyingi hubaki nje ya mlango wa leba zikisikia viatu vikikimbia bila kujua ndani kunafanyika nini, na kwa sababu baadhi yetu tulio ndani bado tunaifanya kazi hiyo kwa mpangilio usio sahihi.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Mapafu yake yamejaa majimaji, na oksijeni anaipata kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Akishazaliwa, majimaji hayo hayana budi kupisha hewa ndani ya muda mfupi sana, na mishipa ya damu ya mapafu ifunguke. Pumzi za kwanza ndizo zenye kazi hiyo, nazo ni ngumu kama kupuliza puto jipya: mwanzo linagoma, likishafunguka linakubali. Katika watoto 100 waliotimiza miezi yao, kama 85 hupumua wenyewe bila msaada. Kumi hivi huanza wakikaushwa na kusuguliwa mgongo. Wanaobaki, kama watano, lazima mtu awaingizie hewa kwa ambu, ule mfuko wa mpira wenye barakoa ndogo. Wanaohitaji kukandamizwa kifua au dawa hawafiki hata mmoja katika mia.

Kwa hiyo tatizo hili, kwa sehemu kubwa, halidai mashine ya gharama wala daktari bingwa. Linadai mkunga, ambu na mikono inayojua kazi. Hilo linafaa kukumbukwa tunaposoma takwimu za nchi. Kati ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Vifo vya watoto wachanga, wale wa siku 28 za kwanza, vilitoka 25 vikafika 24. Yaani havikusogea. Na hayo yametokea wakati wanawake 81 katika kila 100 wanajifungulia kwenye vituo vya huduma. Tumefanikiwa kuwaleta kina mama zahanati na hospitali, sasa deni limehamia kwetu sisi tunaowapokea.

Nianze na utaratibu wenyewe. Mtoto anapotoka anawekwa juu ya tumbo la mama na kukaushwa kwa nguvu kiasi, mwili mzima, kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kilicholowa kinaondolewa, anafunikwa kingine. Joto la Mwanza linadanganya: chumba ambacho wewe unatoka jasho, mtoto aliyelowa anaweza kupata baridi humo humo, hasa dirisha likiwa wazi na upepo wa ziwa unaingia. Wakati anakaushwa mkunga anatazama na kusikiliza. Analia au anapumua vizuri? Basi abaki kifuani kwa mama, kitovu kisubiri dakika moja hadi tatu ndipo kikatwe. Hapumui? Anasuguliwa mgongo mara mbili au tatu. Bado? Kitovu kinafungwa na kukatwa, mtoto anahamishiwa mahali pa kumsaidia, na ambu inaanza. Yote haya ndani ya sekunde 60.

Hapo kwenye "bado" ndipo tunapopoteza watoto.

Mtoto aliyekosa oksijeni hupita hatua mbili. Ya kwanza anaacha kupumua, lakini ukimsugua anaanza. Ukosefu ukiendelea, anatweta mara chache, kisha anaacha kabisa, na akishafika huko hata umsugue mpaka kesho hatavuta hewa, lazima aingiziwe. Kwa macho, watoto hawa wawili wanafanana: wote wamelegea, wote wamenyamaza. Mkunga hawezi kujua aliyeko mikononi mwake ameanza kuchoka au amechoka zamani, kwa sababu sehemu ya uchovu huo ilitokea tumboni. Ndiyo maana kusugua kuna kikomo. Anayeendelea kusugua dakika ya pili na ya tatu akisema "huyu atalia tu" anabahatisha.

Mtego mwingine ni kunyonya makamasi. Tunapenda sana kunyonya. Mtoto hajapumua, mkono unakimbilia kile kinyonyeo cha mpira, mdomoni, puani, mdomoni tena, na saa inatembea. Mtoto hanyonywi kwa desturi. Ananyonywa pale tu njia ya hewa inapoonekana imeziba, na hapo unaanza na mdomo, pua inafuata, kwa upole, bila kupeleka mpira kooni, kwa sababu kugusa koo kunaweza kupunguza mapigo ya moyo ya mtoto ambaye tayari yako chini. Hata maji ya uzazi yakiwa ya kijani kwa kinyesi cha mtoto, siku hizi hatusemi tena kila mmoja anyonywe.

Kuhusu kumning'iniza miguu juu, kumchapa makalio, kumwagia maji baridi: acheni. Vinamuumiza, vinampoza, na vinakula ile dakika.

Sasa ambu. Kichwa cha mtoto kinainuliwa kidevu kidogo, kana kwamba ananusa kitu. Kikikunjwa kifuani au kikitupwa nyuma sana, njia ya hewa inajifunga. Barakoa inafunika kidevu, mdomo na pua, haigusi macho. Namba 1 ni ya mtoto aliyetimiza, namba 0 ni ya njiti. Dole gumba na kidole cha shahada vinashikilia barakoa, vidole vingine vinainua mfupa wa taya. Kisha unaminya, na huku unaminya macho yako hayaondoki kifuani kwa mtoto. Kifua kikipanda, hewa imeingia. Kisipopanda, hujampa kitu, hata ukiminya mara mia. Rekebisha barakoa, rekebisha kichwa, angalia kama kuna uchafu, fungua mdomo kidogo, minya kwa nguvu zaidi. Mwendo ni pumzi 40 hadi 60 kwa dakika. Wanafunzi huhesabu kwa sauti "minya, mbili, tatu, minya, mbili, tatu", na mimi hupenda kuwasikia hata wakihitimu, kwa sababu mwenye hofu huminya haraka mno. Baada ya dakika moja ya pumzi zinazoingia vizuri, moyo unapimwa kwa kugusa shina la kitovu au kwa stethoskopu. Mapigo yakizidi 100 kwa dakika tuko njia nzuri, ingawa unaendelea mpaka apumue mwenyewe. Kutweta mara moja moja si kupumua. Usitulie kwa hilo.

Wengi huniuliza habari ya mtungi wa oksijeni. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, unaanza na hewa ya kawaida ya chumbani. Zahanati ya kisiwani, Kome au Ukara, isiyo na mtungi, na ambayo umeme umekatika saa nane usiku, bado ina kila kinachohitajika kuanza, mradi ambu iwepo, iwe safi na valvu yake ifanye kazi. Kuipima ni jambo la sekunde: ziba barakoa kwa kiganja, minya, usikie inakataa. Ifanyike kila mama anapoanza kusukuma. Nimeona ambu zimefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa aliyekwenda nyumbani, jambo ambalo kwa maoni yangu ni sawa na kutokuwa nayo.

Tanzania ina historia nzuri ya jambo hili, na sehemu yake imeandikwa kanda yetu. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yaliyoanza hapa mwaka 2009 yalipimwa katika hospitali nane, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Lakini Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walikaa leba wakipima muda, wakaona jambo lisilofurahisha. Baada ya kozi ya siku moja, wahudumu walifanya vizuri kwenye mwanasesere wa mazoezi, ila kwa mtoto halisi kunyonya na kutumia ambu vilibaki vile vile. Na kuchelewa kuna bei. Hapo Haydom iligundulika kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ambu ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu.

Wakabadili mtindo. Mwanasesere akawekwa leba, na wahudumu wakawa wanajizoeza dakika chache tu lakini kila wiki. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mtindo huo, ukiwa na vifaa bora vya kusikiliza mapigo ya mtoto na kumpa pumzi, ulipelekwa kwenye vituo 30 vya Mwanza, Geita, Shinyanga, Tabora na Manyara. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto vya siku ya kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vya kina mama kwa takriban asilimia 75.

Nisemalo halitawapendeza wote. Semina ya siku tatu hotelini, na posho yake, ina nafasi yake, lakini mkono husahau. Mkunga wa zahanati ndogo anaweza kukaa miezi bila kukutana na mtoto anayehitaji ambu, halafu akakutana naye leo usiku. Mganga mfawidhi mwenye mwanasesere mmoja juu ya meza ya leba, anayemwambia kila anayeingia zamu "nionyeshe", anafanya zaidi ya barua kumi za mwaliko.

Zamu ya usiku ya mtu mmoja nayo nisiipite. Mama anatakiwa sindano ya oksitosini ndani ya dakika moja baada ya kujifungua ili asivuje damu, na mtoto anatakiwa ambu katika dakika hiyo hiyo. Mtu mmoja hana mikono minne. Aite mtu kabla mtoto hajatoka, hata kama ni mhudumu wa usafi wa kushika tochi na kutazama saa, na meza ya mtoto iwe karibu na kitanda cha mama ili mkunga awaone wote wawili.

Uchovu wa mtoto mara nyingi huanza kabla. Kwa hiyo mapigo ya moyo wake husikilizwa kila baada ya dakika 15 hadi 30 wakati wa uchungu, na kila dakika tano mama anaposukuma. Hapa niongee na mama wakwe na mashangazi: dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, zinazotumika sana huku kwetu Usukumani, zinaweza kuufanya mfuko wa uzazi ubane bila kupumzika, na mfuko usipopumzika damu haimfikii mtoto. Kama amekwisha kunywa, mwambieni mkunga. Hatawafukuza. Na walio visiwani wenye ujauzito wenye dalili za hatari wasisubiri uchungu uanze ndipo watafute mtumbwi. Wasogee mapema karibu na hospitali, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua pale ilipo.

Khanga mbili kavu, safi, ziwe juu kabisa kwenye begi. Moja ya kumkaushia, moja ya kumfunika. Ni ajabu mara ngapi zinakuwa chini ya chupa ya chai na ndoo.

Mtoto aliyesaidiwa akapumua hajamaliza safari. Anatakiwa awekwe ngozi kwa ngozi na mama, aangaliwe kwa karibu saa zinazofuata: anavyopumua, rangi yake, joto, kama ananyonya. Degedege, kulegea, kukataa ziwa, kukoroma kwa kila pumzi au mbavu kuingia ndani ni sababu ya kumpa rufaa haraka, kwenda hospitali ya wilaya au hospitali kubwa za Mwanza, Sekou Toure na Bugando. Usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga unapatikana kupitia mfumo wa m-mama, namba 115, bila malipo. Sengerema ni miongoni mwa wilaya ulikojaribiwa kwanza kabla ya kusambazwa nchi nzima. Na kwa wa Sengerema na Buchosa, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la wagonjwa halisubiri tena kivuko. Njiani mtoto abaki kifuani kwa mama, amefunikwa kichwa, na muuguzi anayemsindikiza awe na ambu mkononi. Karatasi ya rufaa iandikwe saa aliyozaliwa, dakika aliyoanza kupewa pumzi na dakika aliyopumua mwenyewe, maana daktari atakayempokea ataviuliza hivyo kabla ya jina.