Splash Mountain haikubomolewa

Wengi wanaamini Disney iliibomoa Splash Mountain, mchezo wa boti kwenye mfereji wa maji katika bustani za burudani za Disney, na kujenga mchezo mpya, Tiana's Bayou Adventure, wa Tiana, binti mfalme wa filamu ya The Princess and the Frog. Sivyo. Mabadiliko yalitangazwa Juni 2020, na katika miaka minne ya kusubiri baadhi ya mashabiki waliomboleza kana kwamba tingatinga liko mlangoni. Kilichoondoka ni hadithi tu: wanyama wa Song of the South, filamu ya 1946 iliyolaumiwa kwa kuyaremba maisha ya Weusi mashambani Kusini mwa Marekani.

Mfereji ni uleule. Bado unapanda boti la umbo la gogo, unapita gizani katikati ya sanamu zinazoimba, halafu unaporomoka karibu mita 16 na kutoka umelowa chapachapa. Kule Florida, kileleni sasa kuna tangi la maji lililovishwa taji.

Tena hiyo Splash Mountain ya kwanza, ya California mwaka 1989, nayo ilivaa mitumba: sanamu zake nyingi zilitoka America Sings, onyesho lililofungwa 1988. Hilo wanaolilia “asili” hawalitaji.

Mchezo mpya ulifunguliwa Florida Juni 2024, California Novemba. Splash Mountain ya Tokyo haikuguswa, sungura wa hadithi ya zamani yupo kazini.