Toleo Lenye Tanbihi na Msomaji wa Moshi

Mwezi Agosti 1936, jarida la Esquire la Marekani lilichapisha "The Snows of Kilimanjaro", hadithi fupi ya Ernest Hemingway. Hadithi hiyo inatanguliwa na aya inayosema kwamba mlima wetu una urefu wa futi 19,710, na kwamba karibu na kilele chake cha magharibi umelala mzoga wa chui uliokauka na kuganda. Wanafunzi ninaowafundisha fasihi hapa Moshi hukwama papo hapo, kwa sababu tangu shule ya msingi wanajua kwamba Kibo ina mita 5,895, yaani futi 19,341. Swali lao huwa lile lile: aliyekosea ni mwandishi au ni mpiga chapa? Hilo ndilo swali la kwanza la uhariri wa matini, taaluma niliyoichagua, ambayo huchunguza maneno halisi ya mwandishi ni yapi, na kwa maoni yangu hakuna toleo la kitaalamu linalostahili jina hilo kama halijalijibu kabla ya kuandika tanbihi yoyote, yaani maelezo ya chini ya ukurasa.

Futi 19,710 ni takriban mita 6,008, takwimu inayokaribiana sana na vipimo vya enzi ya Wajerumani, ambavyo vilizidi kidogo mita 6,000. Kwa hiyo namba hiyo haina dalili ya kuwa kosa la matbaa. Mhariri makini ataiacha kama ilivyo katika matini, kisha chini ya ukurasa ataeleza ilivyo leo. Kuhusu chui, tanbihi itasema kwamba mmisionari wa Kilutheri Richard Reusch aliukuta mzoga wa chui kwenye ukingo wa Kibo mwaka 1926, na kwamba sehemu hiyo ikaja kuitwa Leopard Point. Msomaji asiyeambiwa hivyo atamchukulia chui huyo kuwa ishara tupu iliyobuniwa mezani. Akishaambiwa, anaweza kuona jinsi mwandishi alivyolichukua jambo lililotokea kweli na kulipa uzito wa ishara.

Katika hadithi hiyo hiyo lipo suala jingine, ambalo haliwezi kumalizwa kwa tanbihi peke yake. Harry, mwandishi anayekufa kwa kidonda kilichooza mguuni, anamkumbuka mwenzake aliyewastahi mno matajiri. Katika Esquire mwenzake huyo alitajwa waziwazi kwa jina la Scott Fitzgerald. Fitzgerald mwenyewe alimwandikia Hemingway akimtaka aliondoe jina lake, na hadithi ilipoingia katika mkusanyiko wa mwaka 1938 jina lilikuwa limebadilika na kuwa Julian. Matini ni mbili, na zote mbili zimetoka kwa mwandishi. Toleo la kawaida humpa msomaji moja na kunyamaza. Toleo la kitaalamu huchagua moja, hueleza sababu ya uchaguzi huo, na huiweka nyingine mahali inapoweza kuonekana, kwa kawaida katika orodha ya tofauti za matini ambayo wasomaji wengi huiruka. Ningewaomba wasiiruke, kwa kuwa ndimo mhariri anamotoa hesabu ya kila alichokigusa.

Hakuna kitabu cha fasihi ya usasa, ile iliyovunja kanuni za zamani za uandishi, kilichoonyesha ugumu wa kazi hii kama Ulysses, riwaya ya James Joyce wa Ireland. Sylvia Beach, mwenye duka la vitabu la Shakespeare and Company mjini Paris, alikitoa tarehe 2 Februari 1922 katika nakala 1,000. Kilichapwa Dijon katika matbaa ya Darantiere, na wapanga herufi wake walikuwa Wafaransa waliokuwa wakipanga maneno ya lugha isiyo yao, huku Joyce akiongeza sentensi mpya kwenye prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa, hadi karibu theluthi moja ya kitabu ikazaliwa humo. Makosa yalikuwa mengi kiasi kwamba mchapishaji aliweka mwanzoni maneno ya kuwaomba radhi wasomaji.

Hata hivyo, baadhi ya madhara makubwa yalitokana na usahihishaji. Stephen, kijana wa riwaya hiyo, anakumbuka simu ya maandishi iliyomfikia Paris kumwambia kwamba mama yake anakufa. Joyce alikusudia neno la mama lianze kwa N badala ya M, kwa sababu karani wa simu alikosea, na ndiyo maana Stephen anaiona karatasi hiyo kuwa kitu cha ajabu cha kuwaonyesha watu. Kitabu kilipotoka mwaka 1922, herufi ilikuwa imesahihishwa. Tangu hapo, vizazi vya wasomaji vilisoma simu isiyo na ajabu yoyote na kuelezwa kwamba ni ya ajabu, mpaka mwaka 1984 mhariri Mjerumani Hans Walter Gabler alipoirudisha N katika toleo lake la juzuu 3, ambalo kurasa zake za kushoto zinaonyesha jinsi matini ilivyokua hatua kwa hatua na za kulia zinatoa matini iliyosafishwa. Katika riwaya ambayo mhusika wake mkuu, Bloom, anajikuta gazetini akiitwa Boom, kosa la chapa ni sehemu ya maana yenyewe, na mhariri asiyejua kosa lipi ni la nani hawezi kuisoma, sembuse kuihariri.

Gabler naye hakusalimika. Mwaka 1988 John Kidd, mtaalamu wa Kimarekani wa Joyce, alimshambulia vikali, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba mashindano ya baiskeli katika riwaya hiyo yanamtaja Harry Thrift, mtu halisi wa Dublin, ambaye katika toleo jipya aligeuka kuwa Shrift. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imefanywa kwa picha za miswada, na picha haionyeshi yote ambayo karatasi yenyewe inayaonyesha. Bado ninaamini kazi ya Gabler ni kubwa kuliko kasoro zake. Lakini kisa cha Thrift huwa nakirudia kwa kila mwanafunzi anayetaka kuhariri kwa kutazama skrini tu.

Matini ikishathibitika ndipo tanbihi huja, na hapo mhariri anapaswa kujua anamwandikia nani. Rubani katika hadithi ya Hemingway anasema itabidi atue Arusha kujaza mafuta. Msomaji wa Chicago anahitaji kuelezwa Arusha ni wapi, na pengine maana ya "bwana" na "memsahib". Msomaji wa Moshi hahitaji lolote kati ya hayo. Anachohitaji ni Karagatch, kituo cha reli ambacho Harry anakikumbuka, pamoja na habari za watu waliokimbia Thrace, eneo la mpakani mwa Ugiriki na Uturuki, baada ya Wagiriki kushindwa na Waturuki mwaka 1922. Vivyo hivyo, Ulysses inaanzia kwenye mnara wa Martello, na msomaji wetu anastahili kujua kwamba minara hiyo ilijengwa na Waingereza kuanzia mwaka 1804 kwa hofu ya Napoleon, kwa sababu bila hilo hataona kwamba vijana wale wa Dublin wanaishi ndani ya ngome ya mtawala. Kipimo changu ni hiki: tanbihi imrudishie msomaji kile ambacho msomaji wa kwanza wa kazi hiyo alikuwa nacho, halafu ikome. Inapoanza kumwambia sentensi ina maana gani, imevuka mpaka wake.

Wapo waandishi walioandika tanbihi zao wenyewe. Mshairi T. S. Eliot aliongeza maelezo mwishoni mwa shairi lake The Waste Land lilipotolewa kama kitabu Desemba 1922, na mwaka 1956 alikiri kwamba aliyarefusha kwa kuwa shairi lilikuwa fupi mno kujaza kijitabu. Siku hizi maelezo hayo yenyewe hufafanuliwa kwa maelezo mengine. Katika toleo la mashairi ya Eliot la mwaka 2015 lililohaririwa na Christopher Ricks na Jim McCue, sehemu kubwa ya juzuu ya kwanza ni ufafanuzi. Ni hazina kwa mtafiti, ila nisingempa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Haya yote yanatuhusu kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Uhariri wa matini si mgeni katika Kiswahili. William Hichens alitoa Al-Inkishafi pamoja na maelezo mwaka 1939, J. W. T. Allen akatoa Tendi mwaka 1971, na M. M. Mulokozi Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999. Juhudi hizo zimeelekezwa zaidi kwenye ushairi wa kale. Fasihi yetu ya usasa imebaki na miongozo, vile vijitabu ambavyo wanafunzi wa kidato cha sita hununua kwenye maduka ya vifaa vya shule kabla ya mtihani, vinavyoorodhesha dhamira, wahusika na falsafa ya mwandishi. Mwongozo humpa mwanafunzi hitimisho. Tanbihi humpa nyenzo za kufikia hitimisho lake mwenyewe.

Ningependa kuona Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, riwaya za Euphrase Kezilahabi, zikitolewa kwa namna hiyo. Ni riwaya fupi zilizosheheni. Ndani ya Nagona msomaji anakutana na Plato, Sokrate na Nietzsche bila kutambulishwa, na mwandishi wake alikuwa ameandika tasnifu ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika huko Wisconsin mwaka 1985. Pia alikuwa mtoto wa Namagondo, Ukerewe, na tanbihi zitakazomfuata Nietzsche peke yake bila kuwauliza wazee wa Ukerewe kuhusu masimulizi ya kwao zitakuwa nusu ya kazi. Wazee hao wanapaswa kufikiwa sasa. Miswada na prufu nazo zitafutwe kwa familia na kwa wachapishaji, kwa ridhaa ya wenye haki. Wakati hayo yakiendelea, chapa zote zilizopo zinaweza kulinganishwa na wanafunzi wawili wa uzamili, mmoja akisoma kwa sauti pamoja na kila nukta na mkato, mwenzake akifuatilia katika chapa nyingine akiwa na penseli mkononi.