Kufanyia kazi nyumbani: dhana potofu kuhusu mshahara

"Huna nauli tena, basi tunapunguza mshahara."

Aliyehamishwa kutoka ofisi ya Upper Hill hadi meza yake kule Rongai huambiwa hivi mapema sana. Nauli si mshahara wa msingi. Marupurupu ya usafiri yakiwa yamefungamanishwa na safari za ofisini, yanaweza kujadiliwa. Kuhusu msingi, Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Kifungu cha 5 nacho kinadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

"Yuko kwake, marupurupu ya nyumba ya nini?"

Hapa ndipo wengi huumia. Kifungu cha 31 kinampa mwajiri njia mbili: makao yanayofaa karibu na kazi, au pesa za kutosha kulipia kodi ya nyumba. Kukaa kwako siku nzima hakumwondolei wajibu huo. Kwa kweli sebule yako sasa ni ofisi yake, na kodi unalipa wewe. Angalia hati ya mshahara. Ikiwa kuna tarakimu moja tu, soma mkataba uone kama unasema pesa za nyumba zimo ndani. Mkataba usiposema hivyo, una hoja ya kudai.

"Nyumbani hakuna ovataimu."

Ipo. Amri ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 kwa wiki, ingawa mikataba mingi ya ofisini hutaja chache zaidi. Saa ya ziada hulipwa mara 1.5, siku ya mapumziko au sikukuu, mara 2. Kupata thamani ya saa moja, gawanya msingi wa mwezi kwa 225. Msingi wa shilingi 67,500 ni 300 kwa saa, hivyo saa 10 za ziada za siku za kawaida ni 4,500. Madai mengi hufa kwa kukosa ushahidi: bosi aliagiza kwa simu saa tatu usiku, hakuna kilichoandikwa. Mjibu kwa barua pepe ukitaja kazi na saa, usiku huohuo.

"Wewe ni mshauri, si mwajiriwa."

Ukikatwa kodi ya zuio (withholding tax) ya asilimia 5 badala ya PAYE, yaani kodi ya mshahara, mwajiri ameepuka mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ada ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 na siku zako 21 za likizo. Lakini akikupangia saa na kukuidhinishia ruhusa, mahakama ya ajira itatazama uhusiano wenyewe, si jina la mkataba.

"Stima ndiyo gharama kubwa."

Si kweli. Kompyuta ya wati 60, saa 8, siku 22, hula kama uniti 10 na nusu za tokeni. Intaneti ndiyo inayouma. Omba irejeshwe kwa risiti, kwa kuwa ikiingizwa kwenye mshahara kama marupurupu itakatwa kodi.