Utumbo Ukitoboka, Kuchelewa Ndiko Kunakoua

Malalamiko yanayoifikia idara yetu ya upasuaji yamezidi, na mengi yanafanana: mgonjwa aliingia akizungumza, akapasuliwa, akafariki, basi kilichomuua ni kisu. Tunawapa pole wafiwa kwa dhati, lakini hatuna budi kusema wazi kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba inawafanya wengine wachelewe kuletwa.

Utumbo hutobolewa na vidonda vya tumbo, hasa kwa wanaomeza diklofenaki au ibuprofeni ovyo. Na homa ya matumbo, mara nyingi katika wiki ya 3 ya ugonjwa. Na kidole tumbo kilichopasuka. Au na jeraha. Asidi, chakula na kinyesi humwagika mahali pasipotakiwa kuwa na kijidudu hata kimoja, bakteria huingia kwenye damu, shinikizo la damu hushuka na figo huanza kushindwa kazi.

Mgonjwa wa namna hii hagaagai. Hulala tuli, magoti ameyakunja, tumbo limekakamaa kama ubao, na kikohozi kidogo tu humtonesha. Baada ya saa chache maumivu yanaweza kupungua, kwa kuwa majimaji ya mwili yameizimua asidi, na hapo ndipo jamaa humpa chakula au dawa ya kumfanya aharishe wakidhani amepata nafuu. Hiyo si nafuu hata kidogo.

Akifika hospitalini haruhusiwi kula wala kunywa. Atawekewa dripu na antibiotiki, mpira wa puani wa kutoa yaliyomo tumboni na mpira wa mkojo, kisha atapigwa eksrei ya kifua akiwa wima ili kutafuta hewa iliyovuja kutoka utumboni ikakaa chini ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Fomu ya ridhaa husainiwa na mgonjwa mwenyewe akiwa na fahamu na ni mtu mzima. Kumsubiri ndugu aliye safarini si sharti letu, na haijapata kuwa.

Aliyecheleweshwa zaidi ya saa 24 yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa, au ya mshono kutunga usaha na kuachia, au ya jipu ndani ya tumbo. Wengine hutolewa sehemu ya utumbo nje ya ngozi, choo kikaingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, aghalabu kwa muda tu.

Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akapata homa, au akaona majimaji yenye harufu mshononi, arudi siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.