Kadi ya kusimamia seva kutoka mbali: yanayosemwa na yalivyo

Seva ikigoma Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, fundi aliye Amu (Lamu) mjini hana barabara ya kumfikisha. Atangoja boti, na boti nayo hungoja maji. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, safari yaweza kulala mpaka kesho. Kwa hiyo mashine iliyowekwa kwenye shule, zahanati au ofisi ya kisiwani inaihitaji zaidi kadi ya usimamizi wa mbali kuliko ile ya Nairobi, ambako fundi hupanda matatu akafika. Kadi hii hukuwezesha kuwasha na kuzima seva, kuiona skrini yake tangu inapoamka, kuingia kwenye biosi (mipangilio ya msingi ya mashine kabla mfumo haujawaka), hata kuiwekea mfumo mpya wa uendeshaji, nawe umeketi zako Langoni, mtaa wa Amu.

Kila mtengenezaji ameipa jina lake. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO, Lenovo huiita XCC. Mafundi wengi husema tu IPMI, jina la kanuni iliyotolewa mwaka 1998 na Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC. Zamani ilikuwa kadi ya kuchomeka kweli. Siku hizi kwa kawaida ni chipu iliyounganishwa moja kwa moja na ubao mama, yenye tundu lake la waya wa mtandao nyuma ya seva.

Makosa mengi ninayoyaona katika kuitumia yana mzizi mmoja: watu huidhania kuwa ni kiungo cha seva. Sivyo. Ni kompyuta ya pili, ndogo, iliyokaa ndani ya sanduku la ile kubwa. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake, programu yake, anwani yake ya mtandao na orodha yake ya watumiaji. Ukilishika hilo, dhana potofu zifuatazo utaziona zilikotokea.

"Seva ikizimwa, kadi nayo imezimika"

Muda wote waya wa umeme umechomekwa na stima ipo, kadi iko macho. Hutumia umeme kidogo wa akiba unaopita hata seva ikiwa imezimwa, na ndiyo maana inaweza kuiwasha tena. Kinachoizima ni stima kukatika na betri ya UPS kwisha. Hapo hakuna kadi wala seva.

Jambo la kupanga mapema ni seva ifanye nini stima ikirudi. Kwenye kadi au biosi kuna chaguo tatu: ibaki imezimwa, irudie hali iliyokuwa nayo, au iwake kila mara. Mashine ya kisiwani isiachwe kwenye chaguo la kwanza, kwa sababu kukatika kwa stima usiku mmoja kutakuacha na seva iliyolala hadi mtu aigundue. Kama biosi inaruhusu, weka pia muda wa kungoja kabla ya kuwaka. Stima yetu ina tabia ya kurudi na kukatika tena papo hapo, na betri tupu haiwezi kuibeba seva inayoamka.

"Nikishakuwa na kadi, nitaifikia mashine wakati wowote"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu zaidi, nami nataka kuieleza kwa kirefu. Kadi haina njia yake ya siri ya kutoka kisiwani. Inapita kwenye swichi ile ile, ruta ile ile na intaneti ile ile ya ofisi. Ruta ikiganda, kadi inafanya kazi vizuri lakini wewe huioni.

Kuna mtego mbaya kuliko huo. Fundi huweka VPN, njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, ili aingie salama kutoka mbali, ambalo ni jambo jema, lakini VPN yenyewe huiweka ndani ya seva ile ile anayotaka kuisimamia. Siku seva inapoanguka, VPN imeanguka nayo, na kadi haifikiki saa ile ile inapohitajika. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. VPN ikae kwenye ruta, au kwenye kifaa kingine kidogo kisichotegemea seva. Vivyo hivyo na anwani: ikiwa seva ndiyo inayogawa anwani za mtandao ofisini, na kadi imeachwa ichukue anwani kwa njia hiyo, seva ikizimwa kadi yaweza kubaki bila anwani. Ipe kadi anwani ya kudumu, iandike, na uhakikishe haimo katika zile zinazogawiwa simu za wafanyakazi.

Mahali ambapo kazi ni nzito, kwa mfano zahanati inayoweka rekodi za wagonjwa, weka njia ya pili: ruta ndogo yenye laini ya simu. Ila kumbuka kwamba kwa kawaida laini za simu hazipewi anwani ya intaneti inayoweza kufikiwa kutoka nje. Ruta hiyo lazima yenyewe ipige kwenda kwenye kituo chako cha VPN na kubaki imeunganishwa.

"Nitaifungulia mlango kwenye ruta, nywila si ipo?"

Tafadhali usifanye hivi, yaani kuiacha kadi ifikiwe na yeyote aliye kwenye intaneti. Mwenye kuiingia kadi ni kama amesimama mbele ya mashine na bisibisi mkononi. Anaweza kuizima, kuiwasha kwa mfumo wake mwenyewe na kuzisoma diski zisizofichwa kwa msimbo. Na nywila haikulindi kama unavyodhani. Katika IPMI 2.0, toleo la mwaka 2004, mtu akitaja jina la mtumiaji lililopo, kadi humpelekea alama iliyokokotolewa kutokana na nywila kabla yeye hajathibitisha lolote. Anaichukua alama hiyo kwake, anaivunja kwa kubahatisha nywila polepole bila mtu kumwona. Udhaifu huu ulianikwa hadharani mwaka 2013, na hauzibiki kwa kusasisha programu kwa sababu umo ndani ya kanuni yenyewe. Nywila ndefu husaidia, lakini IPMI 2.0 haipokei zaidi ya herufi 20.

Watengenezaji nao wamekuwa na makosa yao. Mwaka 2017 iligundulika kwamba iLO 4 zenye programu ya zamani ziliweza kuingiliwa bila nywila, kwa ombi la mtandao lenye herufi A 29 mfululizo mahali fulani. Kosa hilo lilirekebishwa katika toleo 2.53, lakini seva kuukuu ambazo hazikusasishwa bado zinazunguka madukani. Juni 2023, CISA na NSA, mashirika ya usalama ya serikali ya Marekani, yalitoa mwongozo wa pamoja kuhusu kadi hizi. Moja ya maagizo yake ni kuzitenga katika mtandao wao peke yao.

Kwa hiyo: kadi ikae kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile, ifikiwe kwa VPN tu, na kama unatumia ukurasa wake wa kivinjari au Redfish, kanuni mpya iliyotoka mwaka 2015, zima kabisa IPMI ya mtandaoni inayosikiliza mlango 623. Nywila ya kiwandani ibadilishwe kabla ya jambo lingine lolote. Kwa miaka mingi iDRAC zilitoka na mtumiaji root na nywila calvin, na kadi za mtengenezaji mwingine, Supermicro, zilitoka na mtumiaji ADMIN na nywila ADMIN. Kila mwizi wa mtandao anazijua. Seva mpya zaidi huja na nywila ya pekee iliyochapishwa kwenye kibandiko. Piga picha kibandiko hicho kabla hujaisukuma seva ndani ya kabati.

"Sikuchomeka waya kwenye tundu lake, basi haina hatari"

Nimesikia maneno haya kwa watu wenye ujuzi mkubwa. Kadi nyingi zinaweza kutumia tundu la mtandao la seva kwa kushirikiana nayo. Zile za Supermicro kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa hivi: tundu la kadi lisipokuwa na waya wakati stima inaingia, kadi huhamia kwenye tundu la kwanza la seva. Wewe unadhani umeifungia nje, kumbe iko kwenye mtandao wa ofisi pamoja na simu za wageni, na nywila yake ni ile ya kiwandani. Ingia kwenye mipangilio uchague tundu maalumu peke yake. Huitaki kadi? Izime kwa kuiamuru, usiache kuichomeka ukadhani imetosha.

"Seva ya mtumba ikishafutwa diski ni safi"

Seva nyingi za huku ni za mtumba, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Mashine ya ofisi ya Ulaya iliyopumzishwa bado ina miaka ya kazi. Lakini kufuta diski hakuigusi kadi. Watumiaji wa mwenye zamani wamo, anwani zake zimo, pengine na programu ambayo haijasasishwa tangu inunuliwe. Irudishe katika hali ya kiwandani, sasisha programu yake ya ndani kwa faili lililotoka kwa mtengenezaji mwenyewe, ndipo uipeleke bandarini.

Jambo hili lina upande wa pili. Mtu aliyeushika mfumo wa seva akiwa na mamlaka kamili mara nyingi anaweza kuongeza mtumiaji mpya kwenye kadi kutokea ndani, bila kuulizwa nywila ya kadi. Seva ikivamiwa, ukaweka mfumo upya ukaiacha kadi kama ilivyo, huenda umemwachia mvamizi mlango wake wa nyuma.

"Kila kadi huonyesha skrini"

Hapana. Kuwasha, kuzima na kusoma joto hupatikana karibu kwenye zote. Skrini ya mbali mara nyingi ni ya leseni: iDRAC huitaka leseni ya Enterprise, na iLO kwenye seva nyingi huifunga skrini mara mfumo unapoanza kuwaka, mpaka uwe na leseni ya Advanced. Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji aiwashe seva na akuonyeshe ukurasa wa leseni. Kadi kuukuu nazo hutaka Java ya zamani kufungua skrini, ambayo vivinjari vya leo vimeikataa.

"Nikiwa Amu nitaweka mfumo upya Kizingitini kwa dakika chache"

Piga hesabu kwanza. Faili la ISO, lile lenye mfumo mzima wa kusakinisha, la GB 4 ukilisukuma kutoka kompyuta yako kwa kasi ya Mbps 5 ni karibu saa 1 na dakika 50 mambo yakienda sawa, na intaneti ikikatika katikati, usakinishaji umeharibika. Wengi hupima kasi ya kupakua, kumbe hapa kinachohesabika ni kasi ya kupakia upande wako. Dawa ni kuliacha faili huko huko: kwenye kompyuta nyingine ya ofisi au hifadhi ndogo ya mtandao, kadi ilisome kutoka hapo. Wewe utatuma mibofyo tu. Mimi naiona hii kuwa sehemu ya usakinishaji wenyewe, si jambo la kuahirisha.

Kuhusu kuzima: chaguo za "zima" si moja. Ipo inayouomba mfumo ujifunge kwa utaratibu, na ipo inayokata umeme papo hapo. Ya pili ni ya mashine iliyoganda pekee, maana hifadhidata iliyokuwa ikiandika inaweza kuharibika.

"Taa ya kijani, kila kitu kizima"

Kadi huona feni, joto, volti, vyanzo vya umeme, na kwenye mashine nyingi hali ya diski kupitia kidhibiti chake. Haioni kama hifadhidata imekwama au diski imejaa. Hata hivyo, kwa hali yetu ya hewa, kipimo cha joto la hewa inayoingia ni hazina. Kiyoyozi kikifa Ijumaa mchana na ofisi imefungwa, joto la chumba hupanda taratibu na kadi huliona kabla seva haijalalamika. Weka kiwango cha tahadhari, iambie ikutumie barua pepe, kisha tuma ya majaribio. Mara nyingi haifiki, kwa sababu kadi haikupewa anwani ya DNS, huduma inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani. Rekebisha na saa yake pia. Daftari la matukio lenye tarehe za 1970 halitakusaidia kujua feni ilikufa lini.

"Kadi ikiganda, lazima nivuke kwenda kuchomoa waya"

Si lazima. Kadi nayo ni kompyuta, na huganda. Kama seva bado inapatikana, ingia ndani yake na utoe amri ya ipmitool mc reset cold, au racadm racreset kwa Dell. Kadi itajiwasha upya na seva itaendelea na kazi yake. Ngoja dakika chache kabla ya kujaribu tena. Kwenye mashine nyingine feni hunguruma kwa nguvu wakati huo, kwa hiyo mpigie kwanza mwalimu au muuguzi aliye karibu: "Utasikia feni zinavuma, usiguse waya, zitatulia zenyewe."