Vitunguu vyeupe visivyojaza: kabla hujasema mbegu ni feki

Malalamiko ya vitunguu vyeupe vitamu, vile vya kachumbari visivyotoa machozi, yameongezeka kutoka bustani za majumbani Nzuguni, Kisasa na Ilazo hapa Dodoma. Mwananchi mmoja alituletea ofisini fungu zima limefungwa kwa kamba ya katani. Vina miezi mitano bustanini, majani yanafika gotini, shingo nene kama kidole gumba, na chini ni mizizi mitupu. Pakiti ilisomeka White Sweet Spanish, imekuja kwenye begi la ndugu kutoka Marekani.

Mbegu ile si feki. Aina hiyo husubiri mchana wenye urefu wa saa 14 hivi ndipo ijaze kitunguu chini. Dodoma urefu wa mchana wa Juni ni kama saa 11 na dakika 45, na wa Desemba ni kama saa 12 na nusu. Ingesubiri mpaka kiama. Kwetu zinafaa aina za mchana mfupi, mfano White Bermuda, au Texas Grano ambayo ganda lake ni la manjano. Na jamani, weupe si utamu: White Creole ni cheupe pe, ni kikali, na hupendwa zaidi kwa kukaushwa.

Sasa utaratibu. Kuingiza mbegu nchini, hata pakiti moja, kunahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla mzigo haujasafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Bila hivyo mbegu zinaweza kutaifishwa na kuteketezwa, na mhusika akafikishwa mahakamani. "Ni kapakiti kamoja tu" tumeisikia sana. Kuna minyoo ya shina, haionekani kwa macho, inayosafiri na mbegu za vitunguu.

Mbegu za dukani ziwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Zisipoota, leta pakiti, risiti na mbegu zilizobaki. Maabara huotesha mbegu 400 kwa mafungu ya mia mia, huhesabu siku ya 6 na tena ya 12. Mbegu ya kupimiwa kwa kijiko sokoni haina namba ya fungu la uzalishaji, kwa hiyo hatuna pa kuanzia. Pia mbegu ya kitunguu huzeeka haraka. Ikikaa mwaka chini ya bati la moto, usimlaumu mzalishaji.

Kitalu ni Machi mwishoni au Aprili, miche ihamishwe baada ya wiki 6 hadi 8, umbali wa sentimita 10. Anayetaka utamu aache mbolea ya SA (salfeti ya amonia), maana salfa ndiyo huleta ukali. Samadi iliyooza na mbolea ya CAN vinatosha. Kiu nayo huongeza ukali. Ila maji ya kisima yenye chumvi usimwagilie, kitunguu hakiyawezi.

Shingo zikianza kulala, acha maji. Vile vile, vitunguu vitamu vina maji mengi na havikai kama vyekundu vya Singida. Vikioza jikoni baada ya miezi miwili, hilo si la kuletwa ofisini.